Nani Kamshirikisha Nani?

Mshairi hulipima neno kwa mizani kabla hajalipima kwa maana, na kwa kipimo hicho ushirikishwaji ni mzigo. Lina mizani sita. Atakayelitia katika kipande cha mizani minane hubakiwa na miwili tu ya kusemea mengine yote, na pengine ndiyo sababu halisikiki katika tungo. Katika nathari ya ofisi na ya mashirika, hata hivyo, limestawi kuliko jingine lolote. Hakichimbwi kisima, haijengwi zahanati, hautunzwi msitu ila huambiwa kwamba pamekuwapo na ushirikishwaji wa jamii. Neno linalosemwa mara nyingi hivyo linastahiki kufunguliwa na kutazamwa ndani.

Mzizi wake ni shiriki, ulioingia kutoka Kiarabu, na uliokipa Kiswahili shirika, ushirika na hata ushirikina. Anayeshiriki hutenda mwenyewe. Wanaoshirikiana hutendeana, wala hapana aliye juu ya mwenziwe. Ama kushirikisha, hapo ameingia mtu mwengine, yule anayesababisha. Kitenzi kikishatiwa alama ya kutendwa, kikawa shirikishwa, yule msababishaji naye hutoweka, na anayebaki mbele ya macho ni aliyetendwa peke yake. Wananchi walishirikishwa. Na nani? Katika lipi? Kabla ya uamuzi au baada yake? Sarufi haimlazimishi mwandishi kujibu, na mwandishi wa ripoti mara nyingi hushukuru.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mwaka 1968, katika maandishi yake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mwengine, hujiendeleza wenyewe. Hoja nzima imesimama juu ya kiambishi kimoja, -ji-. Haikupita miaka sita vitenzi vikabadilika. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na Operesheni Vijiji ikaja na lugha yake: watu walihamishwa, walipangwa, walipelekwa. Serikali ileile iliyohubiri kujiendeleza ikawa inazungumza kwa kauli ya kutendwa, na nyumba zilizoachwa nyuma zilikuwa ushahidi kwamba kauli hiyo ilikuwa sahihi.

Mkoa wa Singida, nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba, ya majabali, uwele na alizeti, uliyaonja hayo kama ilivyoonja mikoa mingine ya bara. Lakini Singida ina kisa cha pili, na hicho ndicho kinachompa msomaji wa pwani sababu ya kuutazama mkoa usiokuwa na bahari. Kaskazini-mashariki ya mji, kuelekea mipaka ya Kondoa na Hanang, uko msitu wa miombo uitwao Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake, kwa utaratibu uliozoeleka: mipaka hupimwa, tangazo hutolewa, na aliyekuwa akikata fito jana leo huwa mwizi. Haikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya Duru-Haitemba ya Babati kufungua njia mwaka 1994, vijiji vitano vinavyouzunguka, Ngimu na Pohama miongoni mwavyo, vilikabidhiwa msitu huo. Kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikatunga sheria ndogo zake, kikateua walinzi kutoka miongoni mwa watu wake.

Kitenzi gani kinafaa hapa? Kusema vijiji vile vilishirikishwa katika utunzaji wa msitu ni kuvipunja. Walinzi hawakuzunguka porini kwa kuwa wamealikwa semina. Walizunguka kwa kuwa msitu umekuwa wao, na mtu hulinda chake. Miaka mingi kabla, mwaka 1969, Mmarekani Sherry Arnstein alikuwa ameuchora ushiriki wa raia kama ngazi ya vidato vinane, cha chini kabisa kikiwa cha kuwachezea watu na cha juu cha wao wenyewe kushika hatamu. Kiswahili cha miradi kimevifunika vidato vyote vinane kwa neno moja.

Na bado insafu inataka isemwe kwamba Mgori haukuota wenyewe. Palikuwapo na programu iliyofadhiliwa na Sweden, palikuwapo na maofisa misitu waliokubali kuachia, na mtaalamu Liz Alden Wily aliyewashauri. Yaani yuko aliyeshirikisha. Kauli ya kusababisha si dhambi. Dhambi ni kumficha msababishaji, kwani aliyefichwa haulizwi alitoa nini, alibakisha nini mkononi, na anaweza kukirudisha lini alichokitoa.

Neno la pili katika ule msemo, jamii, nalo lina hila yake. Katika sarufi ni moja: jamii imekubali, jamii imechanga. Kitenzi kimoja humeza vinywa elfu. Kijiji cha Kinyaturu kina mkulima na mwenye ng'ombe, mwenye shamba lililosamadiwa na asiyekuwa nalo, na kina wake walioolewa katika ardhi ambayo kwa mila ilirithiwa na wana wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitaka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, watatu wao wanawake. Hiyo ni hatua, lakini huhesabu viti. Wanawake wa Kinyaturu walikuwa na imaa, unyago wao wa peke yao, muda mrefu kabla hapajakuwa na akidi ya mkutano. Marguerite Jellicoe, aliyeandika The Long Path, kitabu cha 1978 juu ya mabadiliko katika nchi ya Wahi huko Singida, ni miongoni mwa wachache waliotambua kwamba kujikusanya kwa namna hiyo ni nguvu. Ripoti isemayo kwamba wanawake wa Singida walifundishwa kukutana ingewachekesha bibi zao.

Mfasiri ana lake la kujibu katika haya. Jina rasmi la mfumo uliozaliwa na mifano kama ya Mgori, na ukapewa nguvu na Sheria ya Misitu ya 2002, ni Usimamizi Shirikishi wa Misitu. Chini ya jina hilo mna mambo mawili yasiyofanana. Katika moja msitu ni wa serikali, na wanakijiji hutia saini mkataba wa kusaidia kuutunza na kupata fungu la faida. Katika jengine msitu uko katika ardhi ya kijiji, na kijiji ndicho mwenyewe. Kuyaita yote mawili shirikishi ni kumwita mpangaji na mwenye nyumba kwa jina moja kwa kuwa wote wawili hufagia ua.

Lugha haikukosa maneno. Pwani ina ubia, ambao humtaka kila mbia ajulikane ametia nini. Ina kikoa, watu wakilishana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, pasiwe na mwenyeji wa kudumu wala mgeni wa kudumu. Bara wanao msaragambo. Hapana hata moja kati ya hayo linalotosha peke yake kuandikia sheria. Kikoa, kwa mfano, ni kitamu kwa mwenye kitu cha kupika. Mjane asiyekuwa na unga zamu humfikia vilevile, na neno lenyewe halisemi afanyweje siku hiyo.