'Limbukeni' ni nani? Lugha ya kombe la mtoano, redioni na darasani

NILIKUWA ndani ya matatu kutoka Embu kwenda Meru, tumeshaipita Runyenjes, dereva alipoongeza sauti ya redio. Ilikuwa Jumapili, Juni 29, 2025. Kule Nairobi, uwanjani Ulinzi Sports Complex, Gor Mahia walikuwa wakivaana na Nairobi United katika fainali ya Kombe la FKF, ambalo siku hizi huitwa kwa jina la mdhamini wake, Mozzart Bet Cup. Mechi ilipokwisha, matokeo yalikuwa Nairobi United 2, Gor Mahia 1. Kondakta, mwana-Gor wa kufa kupona, akashika kichwa: "Hii si mpira, hii ni matanga!" Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akamjibu, "Nipe chenji yangu kwanza, kijana, ndio ulie."

Sitamsahihisha kondakta. Najua sarufi inataka "huu si mpira", lakini mtu aliyefiwa hasahihishwi ngeli. Ninayemwandama leo ni mtangazaji, na pamoja naye waandishi wa kurasa za spoti, na pamoja nao mimi mwenyewe, kwa sababu ya neno moja lililorudiwa safari nzima mpaka nikaacha kuhesabu: limbukeni. Limbukeni Nairobi United wamepata kona. Limbukeni hawa, jamani, wanataka kutuharibia Jumapili!

Kilichokusudiwa kinaeleweka. Nairobi United walikuwa wa Supaligi ya Kitaifa, ngazi moja chini ya Ligi Kuu, na hawakuwa wamewahi kulitwaa kombe hili. Mwandishi wa spoti wa Kenya akitaka kusema timu inashiriki jambo kwa mara ya kwanza, kidole chake huenda moja kwa moja kwa "limbukeni". Na mzizi wa neno unamuunga mkono kwa kiasi fulani. Kulimbuka ni kuonja kwa mara ya kwanza, hasa mazao mapya. Huku kwetu Embu mtu anayechoma hindi la kwanza la msimu analimbuka. Malimbuko ndiyo yanayopelekwa madhabahuni. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote.

Ubaya unaanza neno linapovaa umbo la mtu. Limbukeni katika Kiswahili cha wenyewe si mtu anayeanza tu. Ni mtu aliyepata kitu ambacho hakukizoea, kikamlevya, akawa hajui kukitumia bila kujionyesha. Ni yule aliyenunua simu jana na leo anaongea nayo kwa sauti msibani. Ulimbukeni ni kasoro ya tabia. Si hesabu ya mara ambazo mtu ameshiriki. Sasa hebu turudi katika ile fainali. Timu imepita raundi baada ya raundi, imefika mwisho, inacheza kwa nidhamu mbele ya klabu iliyoanzishwa 1968 na ambayo mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Mandela la washindi wa makombe barani Afrika. Nani hapo anayejionyesha? Nani amelewa?

Huenda ningeyapuuza haya kama yasingenifuata darasani. Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Embu. Wasomaji walimu wanajua kwamba katika karatasi ya pili ya KCSE kuna swali la isimu jamii, alama 10, na kwamba sajili ya michezo ni kipenzi cha watahini. Kwa hiyo kila mwaka tunawakaririsha wanafunzi sifa zake: chuku, tamathali, sentensi fupi, msamiati maalumu. Katika orodha yangu ya msamiati nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu huu, "limbukeni: timu inayoshiriki kwa mara ya kwanza". Wiki ile ya fainali nikawapa Kidato cha Tatu zoezi la kuripoti mechi. Mvulana mmoja, kipa wa timu ya shule, akaandika "timu changa ya Nairobi United". Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika juu yake "limbukeni", nikamkata alama moja.

Alikuja nayo ofisini. Hakuwa na hasira, alikuwa na swali. "Mwalimu, sisi tukienda mkoani mara ya kwanza, tutaitwa hivyo?" Mkoa haupo tena kikatiba, lakini michezo ya shule bado huuzungumza, na nikaelewa. Kabla sijajibu, mwenzake aliyekulia Kisauni, Mombasa, akadakia kutoka mlangoni: "Kwetu ukimwita mtu limbukeni, mwalimu, mnapigana."

Hapo ndipo nilipokubali kwamba nimekuwa nikifundisha tusi kama istilahi.

Watetezi wa lugha ya spoti watasema ninakosa ucheshi. Sajili hii inaishi kwa chuku, ukiondoa chuku unabaki na tangazo la serikali. Nakubali, tena kwa moyo wote. Napenda kivumbi, napenda kipute, napenda timu kulimwa, kunyukwa na kucharazwa, ingawa hakuna aliyeshika jembe wala kiboko. Hizo ni chuku za tukio, na tukio halina hisia. "Limbukeni" na ndugu yake "vibonde" ni majina ya watu, nayo hutolewa kabla mpira haujapigwa. Katika ligi jina kama hilo huchakaa, maana timu ina mechi 34 za kulikanusha. Katika mtoano timu ndogo ina dakika 90 tu. Ikitolewa, hilo jina ndilo kumbukumbu pekee ambayo redio itakuwa imeiachia.

Na mtoano una matatizo mengine ya lugha. Chukua "16 bora". Zimebaki timu 16, basi. Nyingine imefika pale kwa ushindi wa bwerere, wapinzani walikosa nauli. Ubora wake umethibitishwa na nani? "Raundi ya 16" inatosha. Au chukua "kuaga mashindano". Kuaga ni adabu: mgeni huaga, anashukuru, anasindikizwa mpaka njiani. Timu iliyofungwa imetolewa nje. "Kubanduliwa" angalau ni kitenzi cha kweli, ingawa hubanduliwi mahali ambapo hukuwahi kubandikwa, na kwa hiyo namwachia bingwa mtetezi peke yake. Mwaka 2021 Gor na AFC Leopards walitoka sare tasa katika fainali, Gor wakashinda 4-1 kwa penalti. Ukisema "AFC wachapwa 4-1" umesema uongo kwa Kiswahili fasaha, kwa sababu katika mechi yenyewe nyavu hazikutikiswa hata mara moja.

Jina la kombe lenyewe limetusumbua pia. Mashindano haya yana umri tangu 1956 na yamebadilisha majina kama mtu anayekimbia madeni. Kuanzia 2012 yaliitwa GOtv Shield, kisha SportPesa Shield, na redioni nikawa nasikia "Kombe la Shield", yaani kombe la ngao. Kombe kwa watu wa pwani ni sahani kubwa, na kikombe ni mtoto wake. Ni chaza pia, na ni maandishi ya zafarani yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Wanaofunika kombe ili mwanaharamu apite hawafuniki ngao. Lakini hapa nalegea kidogo. Mdhamini ndiye anayelipa, na mtangazaji hawezi kulitafsiri jina la anayemlipa mshahara. Ningeomba tu, pale ambapo hakulazimishwa, aseme Kombe la FKF.

Upatanisho nao ni tatizo, ingawa sina jipya la kuongeza. "Gor Mahia ilikosa nafasi waliyoipata" ni sentensi yenye timu mbili ndani yake. Amua mapema: ama klabu ni kitu, ilikosa nafasi iliyoipata, ama klabu ni watu, walikosa nafasi waliyoipata. Yote mawili ni sawa. Kuchanganya ndiko kubaya. Nimeona hata hivyo kwamba waandishi wengi huipa timu kubwa upatanisho wa watu, na ndogo wa kitu: "Gor wameamka" lakini "Nairobi United imebahatika". Sikudai kwamba wanakusudia. Nakudokezea tu, msomaji, uanze kusikiliza. Sikiliza pia kichwa cha habari kinampa nani kitenzi. Baada ya fainali ile, "Gor yapoteza kombe" kilikuwa rahisi kuandika kuliko "Nairobi United yatwaa kombe", kana kwamba kombe lilikuwa la Gor likaangukia shimoni, na wale vijana wakaliokota wakipita.

Siku nilipofika Meru nilipitia karibu na uwanja wa Kinoru. Uwanja huu ulikuwa miongoni mwa vilivyoteuliwa kwa CHAN ya 2018 kabla Kenya haijapokonywa mashindano hayo na kupewa Morocco. Nje yake vijana walikuwa wakicheza na mpira wa karatasi, mabao yao yakiwa mawe manne. Mmoja alikuwa akijitangaza mwenyewe huku anakimbia: "Limbukeni anachukua, limbukeni anapiga... gooli!" Alikuwa amejipa jina hilo mwenyewe, kwa furaha. Nilisimama pale kwa muda. Pengine neno limeshahama, nikawaza, na mimi ninalinda kaburi tupu. Lakini nikamkumbuka yule wa Kisauni pale mlangoni, na nikajua halijahama kwa kila mtu. Mtangazaji wa kitaifa anasikika Kisauni na Kinoru kwa pamoja.

Mshindi wa kombe hili huiwakilisha Kenya katika Kombe la Mashirikisho Afrika. Nairobi United walikwenda, wakaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia, wakaingia hatua ya makundi. Gor nao mwaka 1987 walilichukua Kombe la Mandela kwa kuishinda timu ya Tunisia, Espérance, kwa faida ya mabao ya ugenini. Asubuhi baada ya habari za Étoile, yule kipa wangu alinisubiri nje ya ofisi ya walimu, mikono nyuma, akitabasamu bila kusema neno.

Nimeifuta ile fasili katika orodha yangu. Mahali pake nimeandika "timu changa", "timu ngeni fainalini", na "timu inayoshiriki kwa mara ya kwanza", ambayo ni ndefu lakini haimtukani mtu. Alama yake nilimrudishia. Sasa ananidai nyingine: katika insha ile ile alikuwa ameandika "walitolewa" nami nikasahihisha nikaweka "waliaga". Hiyo bado tunajadiliana.