Jeraniamu Inavyovushwa Majira ya Baridi

Jeraniamu inayopamba roshani za Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mgeni huko. Asili yake ni kusini mwa Afrika, hasa upande wa Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1789 mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, L'Héritier, aliitenga katika jenasi yake yenyewe, Pelargonium, lakini jina la zamani, jeraniamu, lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Haivumilii jalidi: usiku mmoja wa kuganda huyafanya majani kuwa meusi na mashina kuwa teketeke. Hata hivyo, kwa vizazi vingi watu wa nchi za baridi waliivusha mimea ileile mwaka hata mwaka, bila udongo wala mwanga. Waliing'oa na kuining'iniza kwenye chumba cha chini ya nyumba, mizizi juu, matawi chini.

Siri iko kwenye shina. Ni nene, limejaa maji na akiba ya chakula. Upande wa magharibi wa Rasi mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi huwa kikavu; jamaa nyingi za mmea huu zimezoea kupukutisha majani na kungoja. Usingizi wa jeraniamu, basi, ni wa ukame. Mkulima anauazima tu, na baridi kiasi ya chumbani humsaidia kuurefusha, kwa sababu mmea uliopoa hutumia akiba yake polepole.

Kazi huanza kabla ya jalidi ya kwanza. Mmea huchimbwa, udongo hukung'utwa taratibu, majani yaliyooza huondolewa, kisha huachwa siku chache mahali pakavu penye kivuli. Baada ya hapo huning'inizwa, au hutiwa kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki haifai, maana hufungia unyevu na kuleta ukungu wa kijivu. Joto linalofaa ni kama nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi.

Mara moja kwa mwezi mizizi hulowekwa majini kwa saa moja au mbili, kisha mmea hukaushwa na kurudishwa. Hapo ndipo vidole hufanya uchunguzi. Shina gumu ni zima. Lililokunjamana lina kiu, na huenda likainuka baada ya kulowekwa. Lililolainika na kuwa jeusi limeoza, hukatwa au hutupwa lisije likaambukiza mengine. Penye shaka, ganda hukwaruzwa kwa ukucha: rangi ya kijani chini yake ni dalili ya uhai.

Mwezi Machi mashina hupogolewa hadi kwenye kijani, mmea hupandwa chunguni, humwagiliwa na kuwekwa penye mwanga. Hautolewi nje mpaka hatari ya jalidi iishe. Bustani za Ujerumani hungoja zipite siku za 11 hadi 15 Mei, zinazoitwa za Watakatifu wa Barafu.

Wengi wanaojaribu njia hii leo hupata vijiti vikavu, na kosa mara nyingi si lao. Vyumba vya zamani vilikuwa na sakafu ya udongo na kuta za mawe, vikawa baridi na vyenye unyevunyevu. Vya sasa vina saruji na mtambo wa kupasha nyumba joto. Kwenye nyuzi 18 na hewa kavu, shina hukauka na kumaliza akiba kabla ya Machi. Kuloweka mizizi hupunguza hasara tu, hakurudishi chumba cha zamani.

Kwa nyumba kama hizo, njia bora ni vipandikizi. Mwishoni mwa Agosti hukatwa ncha zenye urefu wa sentimita 10 hivi, chini kidogo ya fundo, majani ya chini huondolewa, kidonda huachwa kikauke, kisha hupandwa na kuwekwa kwenye dirisha lenye mwanga. Njia hii huzifaa pia jeraniamu zinazotambaa, ambazo mashina yake membamba hayahimili kuning'inizwa.

Wasiohifadhi hununua mimea mipya kila masika. Mingi kati ya hiyo huanza kama vipandikizi visivyo na mizizi, vinavyokatwa kwenye mashamba ya Kenya na Ethiopia na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya.