Nani Ana PDF?

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021, mchana, kundi letu la wasomaji la WhatsApp lilichangamka kuliko siku zote. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ametangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tulikuwa watu 256, kikomo cha kundi kwa wakati ule, wengi wanafunzi wa vyuo na walimu vijana. Tulibishana saa nzima: ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza? Kisha mmoja akauliza swali lililomaliza ubishi: "Nani ana PDF?" Majibu ya "na mimi" yakafuatana kama magari kwenye foleni ya Kimara. Hakuna aliyeuliza vitabu vyake vinauzwa wapi. "Na mimi" ya nne ilikuwa yangu.

Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi tangu nianze shahada ya umahiri katika fasihi, kwa sababu semina zetu hazikosi mtu wa kusema Watanzania hawasomi. Zamani nilikuwa naitikia kwa kichwa. Siku hizi naona kauli hiyo inatusitiri sisi tunaoisema.

Naishi Mbezi Luis kwa mama mdogo, ambaye anauza chakula jirani na Stendi ya Magufuli. Stendi ilipofunguliwa Februari 2021 na mabasi ya mikoani yakahamia huku kutoka Ubungo, naye alihama nayo. Kuanzia saa nane, wateja wa mchana wakishapungua, hukalia ndoo aliyoigeuza na kusoma hadithi kwenye simu. Yumo katika kundi la mtunzi ambaye hajawahi kumwona. Sehemu kumi za kwanza ni bure. Ya kumi huishia pale mlango unapogongwa au bastola inapotolewa, halafu linafuata tangazo: anayetaka kuendelea atume shilingi 1,000 kwa namba hii, apate sehemu kumi nyingine. Hadithi aliyomaliza mwaka jana ilikuwa na sehemu 60, maana yake alilipa shilingi 5,000. Kwa mwaka humaliza tatu za namna hiyo. Mtunzi akichelewa, kundi zima hulalamika kwamba limeachwa na arosto, neno la watumiaji wa unga lililohamia kwa wasomaji.

Watu wa fasihi tukisikia habari hizi hukunja uso, kana kwamba ni ugonjwa ulioingia juzi. Lakini gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapishwa humo kabla hajawa jina la vitabu vya shule. Eric Shigongo alijulikana kwa hadithi za magazetini, zilizotoka kipande kwa kipande kabla ya kuwa vitabu. Huko Uingereza, Charles Dickens alitoa The Pickwick Papers kwa vipande vya kila mwezi, 1836 hadi 1837. Kusoma kwa kusubiri ni kwa zamani. Kilichobadilika ni umbali kati ya msomaji na mkono unaoandika.

Katika hadithi ile ya sehemu 60, muuguzi mmoja alikufa sehemu ya 22. Niliisoma nikichungulia begani kwa mama mdogo, na kwa maoni yangu kifo kile kilihitajika: kilimzindua mume ambaye kwa sehemu ishirini alikuwa hasikii la mtu. Kundi likakataa. Wasomaji walituma malalamiko ya sauti usiku kucha. Sehemu ya 25 muuguzi akaonekana Morogoro, mzima, eti aliyezikwa ni pacha wake. Kuanzia hapo mume hakuwa na sababu ya kubadilika, wala hakubadilika, na sehemu zilizobaki zikawa mbio tupu. Huo ndio udhaifu wa wasomaji wanaolipia kipande: hawavumilii msiba wa leo kwa ajili ya maana itakayokuja kesho. Mtunzi yule alihitaji mhariri wa kumlinda dhidi yetu.

Hata hivyo kundi hilo hilo lilimjenga. Msomaji mmoja, muuguzi kweli, alimweleza kwamba dawa ile haichomwi namna ile. Mwingine, konda, alimwambia kwamba basi la Mbeya halipiti njia aliyoiandika. Mtunzi alirekebisha. Sijui ni riwaya ngapi kati ya tunazofundishwa ziliwahi kusomwa na watu wa kazi zinazosimuliwa ndani yake kabla ya kwenda mtamboni.

Wachapishaji wetu, kwa upande wao, wameishi kwa kutegemea shule. Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya vitabu vya kiada katika muongo uliopita, mapato hayo yalipungua, na riwaya ya watu wazima ikakosa wa kuibeba. Kwingineko jamii za wasomaji mtandaoni zimeibeba. It Ends with Us ya Colleen Hoover ilitoka mwaka 2016, na miaka mitano baadaye video fupi za wasomaji kwenye TikTok zikaipandisha katika orodha za vitabu vinavyouzwa sana Marekani. Lakini video zile zilimpeleka mtu dukani. Kundi letu la wasomi lilimpeleka kwenye faili, na safari ikaishia hapo.

Ushahidi ninao mimi mwenyewe. Mwaka 2022 nilinunua riwaya ya mwandishi mmoja wa mkoani aliyeichapisha kwa fedha zake. Niliipenda, nikataka watu waijadili. Usiku mmoja nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa 184, nikazifanya PDF na kuirusha kundini. Nilimwagiwa maua na makofi. Mjadala ulidumu wiki mbili, nao ulikuwa mzuri, pengine kuliko semina zetu. Mwisho wake namba moja iliyokuwa kimya muda wote iliandika: "Asanteni kwa kunisoma. Nakala 300 bado ziko chini ya kitanda changu." Kisha ikajitoa. Hakuna aliyesema kitu. Baada ya dakika chache kiongozi wa kundi akarusha kitabu kingine.

Nilichofanya kina jina katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ila kilichoninyima usingizi ni hesabu. Simu yangu ilikuwa na PDF 412, na sikuwa nimelipia hata moja. Mama mdogo, ambaye semina zetu zinamweka katika fungu la wasiosoma, hulipa shilingi 15,000 kwa mwaka kwa mtu anayemwandikia.

Utetezi tunao, na si wa uongo wote. Kutoka Mbezi hadi duka la TPH mtaa wa Samora ni daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Posta, na nauli ya kurudi. Boom haifiki mwisho wa mwezi. Vitabu vingi vya zamani havichapwi tena, na PDF za vitabu hivyo zimeokoa tasnifu nyingi, yangu ikiwemo. Lakini Mkuki na Nyota walipotoa Peponi mwaka 2022, yaani Paradise ya Gurnah katika Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, kitabu kilikuwa kipya, kimechapwa hapa hapa, kwa lugha yetu. Kundini swali likawa lile lile, neno kwa neno.

Sidhani dawa ni kuyafunga makundi. Tayari kuna wasomaji waliozoea kulipa, na waliowazoesha ni watunzi tusiowataja kwenye tasnifu zetu. Mchapishaji angeweza kujifunza kwao kutoa sura za kwanza bure na kuuza zinazofuata kwa bei ambayo mtu anaimudu hata akishanunua sukari. Watunzi hao nao wangefaidika na mhariri wa kuwaambia mfu abaki kaburini. Sisi wengine tunaweza kuanza kwa kubadili swali letu: kinauzwa wapi, na namba ya mwandishi ni ipi?

Namba yake niliipata kupitia jalada la nyuma la kitabu, mahali ilipokuwa siku zote. Nilimwomba radhi, nikalipia nakala kumi. Alizituma kwa basi, nikazipokea Stendi ya Magufuli zikiwa kwenye boksi la sabuni. Mama mdogo akachukua moja, akaigeuza, akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia asijali, ni zawadi.

"Na mwenyewe amelipwa?"

Nikamwambia ndiyo. Akafungua. Jioni ile alisoma sura mbili, akasema mtunzi anachelewa kuanza.