Maji Yanayotoa Povu Jingi

Mama anayefua huyapenda maji yanayotoa povu upesi. Kipande cha sabuni hudumu, nguo hutakata. Maji ya namna hiyo yana kalsiamu na magnesiamu kidogo, na hapo ndipo mkulima wa vitunguu anapopaswa kuanza kuuliza maswali.

Mfano ni Kileo, wilayani Mwanga, tambarare iliyo kati ya Milima ya Upare na Kilimanjaro. Upareni maji hujificha kwenye nyufa za miamba mikongwe iliyopikwa na joto la ardhini. Upande wa Kilimanjaro hupita kwenye mawe na majivu ya volkano. Kwa hiyo kisima cha jirani hakiwezi kukisemea chako.

Anayepima huanza kwa kuendesha pampu mpaka joto na upitishaji umeme wa maji vitulie, maana maji yaliyolala bombani hayaelezi hali ya mwamba. Bikaboneti hupimwa palepale, kabla hewa ya ukaa haijatoroka. Kisha hujazwa chupa mbili: moja hutiwa asidi kidogo ili metali zisigande ukutani mwa chupa, nyingine huachwa kama ilivyo. Chupa ya kupimia floraidi iwe ya plastiki. Floraidi hushambulia kioo.

Tuchukue hesabu ya kujifunzia, si ya kisima cha mtu. Maabara imeleta sodiamu miligramu 115 kwa lita, kalsiamu 20, magnesiamu 12.2, bikaboneti 305. Gawanya kwa 23, 20, 12.2 na 61 kwa mpangilio huo, upate 5, 1, 1 na 5. Sasa vyote viko kwenye mizani moja. Kipimo kilichoenezwa mwaka 1954 na maabara ya chumvi ya Riverside, Marekani, hugawa sodiamu kwa kipeuo cha pili cha wastani wa kalsiamu na magnesiamu. Jibu ni 5, nalo kwa chumvi ya kiasi hiki si la kutisha. Wengi huishia hapo, na naona ni kosa kubwa.

Mwaka 1950 mtafiti Eaton alipendekeza jambo jepesi: toa kalsiamu na magnesiamu kwenye bikaboneti. Tano kutoa mbili, tatu. Zaidi ya 2.5 maji hayafai kumwagilia. Sababu unaiona shambani: jua likikausha, bikaboneti hukamata kalsiamu na kuigeuza chokaa, sodiamu inabaki peke yake, udongo unashikana na maji yanatuama juu. Wakulima husema shamba limeingia magadi.

Uhaba huohuo wa kalsiamu unagusa meno. Kalsiamu ikiwa nyingi huiteka floraidi na kuituamisha; ikiwa haba, floraidi hubaki majini, haina rangi wala ladha. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda miligramu 8 kwa lita vijijini, kwa kuwa visima vingi visingefaulu. Baadaye ikawa 4, na sasa ni 1.5, sawa na Shirika la Afya Duniani. Tofauti hiyo inaonekana kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia Arumeru. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi inabaki.

Ng'ombe huvumilia chumvi kuliko sisi, ila kwa floraidi mwongozo wao ni 2, karibu sawa na wetu.

Shamba lina dawa. Jasi ina kalsiamu, na kushusha ile tatu hadi moja kunahitaji takribani kilo 172 za jasi safi kwa kila mita za ujazo 1,000 za maji. Inachimbwa Makanya, wilayani Same, kando ya barabara kuu, na malori huipeleka kwenye viwanda vya saruji.