Kula na kutembea Zanzibar: mgeni wa Masisi na Walikale anaonyeshwa nini?

Mu kijitabu hiki tumezoea kusoma mila za kwetu: ndoa, kilio, namna ya kugawa nyama ya uwindaji. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuvuka maji. Mwaka 2019, sisi waalimu wane wa sekondari, wawili wa Masisi na wawili wa Walikale, tulichanga franga kidogo kidogo, tukaenda vakansi Zanzibar. Tulitoka Goma, tukapita Kigali, tukapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya masaa mawili hivi. Tulikuwa tunatafuta vitu viwili tu: kula vizuri na kuona mji. Tulirudi na swali moja lenye kutusumbua mpaka leo, njo maana tunaandika.

Kwanza, chakula.

Jioni ya kwanza tulienda Forodhani, bustani iliyo mbele ya bahari, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Jua likianza kuzama, wauzaji wanapanga meza, wanawasha taa, moshi unapanda. Kuko mishkaki, pweza, kamba, muhogo wa kuchoma, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Kuko na ile wanaita pizza ya Zanzibar: unga uliokandwa mwembamba kama kitambaa, unajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa, unakaangwa juu ya chuma. Ni tamu, hatukatai. Lakini pale macho yanashiba mbele ya tumbo. Watu wengi walipiga foto ya sahani kwanza, wakala nyuma, chakula kimepoa. Na sisi tulifanya vile vile.

Mwenye kutaka kujua watu wa kisiwa wanakula nini, aingie mu vichochoro. Kule tulikuta bibi mmoja amekaa mbele ya mlango wake na sufuria ya urojo. Urojo ni supu ya rangi ya manjano, yenye uchachu wa ndimu na embe. Ndani wanatia viazi, bajia, kachori, vipande vya mishkaki, na juu yake chipsi za muhogo. Watoto wake walitusalimia: "Shikamoo." Sisi, watu wazima wenye diploma, tukajibu: "Jambo!" Bibi akacheka mpaka akashika tumbo. "Semeni marahaba, wanangu. Nyie watu wa wapi?" Tukamwambia: "Tunatoka Congo, mama." Akatuongeza kijiko kingine bila kutudai kitu.

Pale mlangoni tulipata somo ambalo hatukulipata mu darasa. Bibi alitueleza: shambani ni mpunga, dukani ni mchele, kwenye sahani ni wali. Kwetu yote ni muchele, mbichi na wa kuiva. Sombe yetu kwao ni kisamvu. Lengalenga yetu kwao ni mchicha. Lakini muhogo ni muhogo, na matembele ni matembele. Tulikuwa tunakula na kuhesabu maneno. Mwenzetu wa Walikale akauliza: "Sasa haya maneno yalifikaje kwetu, mbali hivi na bahari?" Tulinyamaza. Jibu tulikuwa tunalijua, lakini hakuna aliyetaka kulisema na chakula mu kinywa.

Jibu ni hili. Mu karne ya 19, misafara ya Waarabu na Wangwana ilitoka pwani kutafuta pembe za tembo na watu, ikafika Nyangwe na Kasongo, mu Maniema. Kiswahili kilipita njia ile. Kulima mpunga mu Maniema kulikuja na njia ile. Hata karafuu inayonukia mu pilau ya Zanzibar iko na historia yake: mashamba ya karafuu ya kisiwa yalilimwa na watumwa. Kwa hiyo mtu wa kwetu akikaa kula kule, si mgeni kabisa mbele ya sahani ile.

Pili, mji.

Siku ya pili tulimlipa kijana mmoja atutembeze. Ni kijana mpole, anajua tarehe. Alituonyesha Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuandika mu urithi wa dunia mwaka 2000, na milango yake ya mbao iliyochongwa. Alituonyesha Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Wakati ule ilikuwa imefungwa, tukaitazama inje tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka. Tuliposikia habari ile tulisikitika kama watu waliofiwa na jirani.

Kisha akatupeleka kwenye kanisa kubwa la Waanglikana. Lilijengwa mahali pa soko la watumwa, kisha soko kufungwa mwaka 1873. Inje kuko shimo, na mu shimo sanamu za watu watano wenye mnyororo shingoni. Sasa tuseme aibu yetu. Mmoja wetu alisimama mbele ya lile shimo, akatabasamu, akasema: "Munipige foto." Tukapiga. Usiku tulipoiangalia kwenye simu, hakuna aliyesema neno. Aliifuta yeye mwenyewe. Hatumlaumu peke yake. Siku mbili nzima tulikuwa tunatembea kama watalii, na mtalii anatabasamu mbele ya kila kitu.

Karibu na pale wanashusha wageni mu vyumba viwili vya chini, vyenye giza na dari fupi. Wanasema watumwa walifungwa humo mbele ya kuuzwa. Kuko wanahistoria wanaosema vyumba vile vilijengwa nyuma, wakati wa wamisionari. Kijana wetu hakulitaja jambo hilo. Kwetu sisi hapa njo kuko kosa la kwanza la utembezaji ule: ubaya wa soko lile ni mkubwa wa kutosha, hauhitaji kuongezewa chumba chenye mashaka. Msikilizaji akigundua kwamba kitu kimoja kina shaka, atatilia shaka hata kile cha kweli.

Kosa la pili lilitugusa zaidi. Tulifika kwenye nyumba ya Hamed bin Muhammed, ambaye kwetu kila mtoto wa shule anamjua kwa jina la Tippu Tip. Alikufa mu mji ule mwaka 1905. Kijana akatuonyesha mlango, akasema alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, watumwa waliotoka bara. Dakika tatu, tukaendelea. Tukamwita: "Ndugu, bara wapi?" Akajibu: "Bara tu, huko ndani."

Bara huko ndani njo sisi. Ni Tippu Tip huyu huyu ambaye mwaka 1887 Dola ya Leopold ilimfanya wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Ni mamlaka ya Waarabu ile ile iliyovunjwa na vita vya 1892 mpaka 1894 mu nchi yetu. Neno moja, bara, lilimeza Maniema, Walikale, na nchi yote inayofika mpaka mito ya mbali. Mabango ya maonyesho pale kanisani yanajaribu kueleza njia za misafara, tunayasifu. Lakini watalii wengi hawasomi mabango, wanasikiliza kijana.

Hatutaki kuongeza chumvi. Wengi waliouzwa Zanzibar walitoka upande wa ziwa Nyasa, hatuwezi kudai kila mnyororo ni wetu. Wengine waliokamatwa kwetu hawakufika pwani hata kidogo: walibaki Maniema kubeba mizigo, kulima, kushika bunduki. Na hapa tuseme lile ambalo halipendezi: waliokuja kuchoma vijiji hawakuwa Waarabu watupu. Watu wengi kati yao walikuwa watu wa bara, ndugu zetu. Tippu Tip mwenyewe aliacha habari ya maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akaitangaza mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye aliongea. Je, wale waliochomewa vijiji, nani aliandika maneno yao?

Tatu, sisi wenyewe.

Kumlaumu kijana wa Zanzibar ni rahisi. Lakini mgeni akifika kwetu, tutamwonyesha nini? Masisi tungemlisha viazi, maharagwe na fromage ya milimani, na mandhari inamtosha. Walikale tungemchinjia jogoo, mtoto angemwagia maji ya kunawa, hakuna atakayemtajia bei. Juu ya kupokea mgeni, hakuna wa kutufundisha. Lakini akituuliza: "Njia ya misafara ilipita wapi hapa?" tutamwambia nini? Walikale inapakana na Maniema. Wazee wa kule walikuwa wanasimulia habari za wenye bunduki, na sisi tuliwasikiliza kwa sikio moja, tukakimbilia kurudia masomo ya Ufaransa juu ya mtihani wa serikali.

Na wakati hautungojei. Mu Januari 2025 vita iliingia Masisi-centre, mu Machi ikafika Walikale-centre. Mtu anapokimbia anabeba mtoto na godoro, habeba makaburi wala jina la kijito. Mzee akifa mbali na kilima chake, hakuna tena wa kuonyesha na kidole: "Ni hapa." Wengine watasema, wakati wa shida kama huu, nyinyi munaandika habari za pweza na urojo? Tunajibu: ni shida hiyo hiyo inayotusukuma.

Kazi hii inawezekana. Hadithi ya Mwindo ya Wanyanga ilichukuliwa mwaka 1956 kutoka kinywa cha She-Karisi Rureke, ikaandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ikatoka mu kitabu mwaka 1969. Mzee mmoja alisema, watu wawili wakaandika, na leo inasomwa mbali. Kila mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi daftari moja akaulize nyumbani: babu yako alisikia nini juu ya Wangwana? Kilima gani watu walijificha? Neno gani la chakula tulipata kwao?

Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikula Zanzibar siku mbili. Siku ya tatu tulipaswa kushika jembe: kukaa na yule kijana, kumpa kipande cha historia kinachomkosa. Hatukufanya. Ukienda wewe, msomaji, kula urojo kwa bibi wa kichochoroni, jibu marahaba, na mbele ya lile shimo weka simu mu mfuko. Kisha kijana akikuambia "bara", mwambie majina.