Wolf Hall: Nimempenda Mtu Nisiyemwamini

Mara mbili nilikiacha kitabu hiki njiani. Mara ya tatu ndipo nikafika mwisho, na hadi leo sijui kama nilishinda mimi au kilishinda chenyewe.

Nazungumzia Wolf Hall ya Hilary Mantel, riwaya ya kihistoria iliyotoka mwaka 2009 na kushinda Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Ina kurasa zaidi ya 600. Tuko Uingereza ya Mfalme Henry wa Nane. Mfalme anataka kumwacha Malkia Catherine amwoe Anne Boleyn, Papa hataki. Anayemtafutia njia ni Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney, aliyekua kwa kipigo cha baba yake.

Malalamiko kwanza. Jamani, akina Thomas! Cromwell ni Thomas, Kardinali Wolsey ni Thomas, More ni Thomas, Cranmer ni Thomas, hata baba yake Anne ni Thomas. Hilo si kosa la mwandishi, ndivyo walivyoitwa. Lakini Mantel mara nyingi hata hilo jina hatumii. Cromwell ni "yeye" tu, hata pale walipotajwa wanaume wengine watatu sentensi moja nyuma. Sisi tumezoea "alisema" isiyobainisha mwanamume wala mwanamke, muktadha unatuokoa. Hapa nilirudia kurasa nzima nikiuliza: nani kasema?

Halafu unafika kwenye vifo. Mke wa Cromwell anaondoka kwa homa ya jasho, kisha mabinti wawili. Mantel hatulilii. Anatuonyesha mabawa ya manyoya ya tausi aliyovaa Grace, yule mdogo, kwenye igizo la Krismasi. Nilifunga kitabu, nikakaa kimya kidogo.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Mimi ni mwandishi wa habari. Watu wa aina ya Cromwell nimekaa nao: wapole, wanakumbuka jina la mtoto wako, sheria wanaijua kuliko bosi wao. Kikombe cha pili cha chai, tayari unaitazama habari kwa macho yao. Imeshanikuta. Mhariri aliirudisha kazi yangu na swali moja tu: upande wa pili uko wapi?

Swali hilohilo namuuliza Mantel. Thomas More, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1935, humu ni mtu baridi, mwenye dharau, anayewawinda wazushi. Pengine alikuwa hivyo. Lakini tunamwona kwa macho ya hasimu wake tu, na hasimu huyo tumeshamlilia watoto. Kisha riwaya inakoma Julai 1535, More ameshakatwa kichwa, wakati mwaka unaofuata ni zamu ya Anne, na Cromwell yumo. Kwa hayo ukanunue kitabu cha pili, Bring Up the Bodies.

Je, nimelaghaiwa? Kiasi, ndiyo. Ila nimejifunza jinsi mtu mwenye akili timamu anavyosogezwa, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akamtetea mtu wa mfalme.

Kisomeni. Mwanzoni kuna orodha ya wahusika, wekeni alama pale, mtairudia sana. Na kila mkijikuta mnamhurumia Cromwell, ulizeni swali la mhariri wangu.