Karama Mahakamani, Mwanafunzi Mezani

Ukisahihisha insha za fasihi za kidato cha sita kwa miaka, jicho linazoea kuruka aya ya kwanza. Unajua kilichomo: fasihi ni sanaa inayotumia lugha kufikisha ujumbe kwa jamii, zinafuata tanzu zake, kisha jina la mwandishi na mwaka wa kitabu. Swali lilihusu usaliti, au nafasi ya mwanamke, au matumizi ya tamathali; mwanafunzi kaanza na maana ya fasihi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na kwa sababu sentensi hiyo inampa nafasi ya kuvuta pumzi kabla hajaanza kufikiri. Simlaumu. Saa inakimbia, na maelekezo yanataka vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kimoja.

Lakini mara mojamoja hutokea insha inayokufanya ukae vizuri kitini.

Chukua swali ambalo kila mwalimu wa fasihi ameshalitunga kwa namna moja au nyingine: fasihi ni silaha ya ukombozi, jadili kwa kutumia Kusadikika. Jibu la kawaida linajulikana. Shaaban Robert alichapisha kitabu hicho mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, kwa hiyo akaificha nchi yake angani ili asishikwe. Majivuno ni watawala dhalimu, Karama ni mpigania haki, wajumbe sita ni wazalendo waliofungwa kwa kuitakia nchi mema. Hoja, mfano, hoja, mfano. Mwisho: mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Hakuna lililo kosa hapo, na hakuna hata moja ambalo mwanafunzi amelipata mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja niliyewahi kumsoma alianzia mahali pengine kabisa. Aliuliza nani anasema. Safari zote sita za wajumbe hao, ya Buruhani, ya Fadhili na za wenzao, anayezisimulia ni Karama, naye yuko kizimbani akijitetea. Wajumbe wenyewe wako kifungoni. Tunayoyajua juu ya yale waliyoyaona tunayapata kwa kinywa cha mtu ambaye uhai wake unategemea kuaminiwa kwa maneno hayo. Hilo limo kitabuni, halikufichwa, na wengi hulipita kwa sababu wanatafuta dhamira.

Kisha akageukia kiti cha enzi. Utawala uliowafunga wajumbe ndio huohuo unaomsikiliza Karama, na ndio unaomwachia yeye na kuwafungua wao. Hakuna aliyepinduliwa. Mfalme anabaki mfalme. Sasa, akauliza, hii ni silaha ya ukombozi ya namna gani, ambayo ushindi wake mkubwa ni kwamba mtawala amekubali kusikia?

Hapa ndipo ninapompima mhakiki chipukizi. Mwenye haraka angekimbilia hukumu: Shaaban Robert alikuwa mwoga, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, asingethubutu. Ni hukumu inayopendeza kuandika, na kijana wa miaka 18 akishaionja ni shida kuiacha. Huyu aliiacha. Aliupa upande wa pili haki yake kwanza. Alikumbusha kwamba kosa lenyewe alilofikishwa nalo Karama mahakamani ni kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Mtu anayeshtakiwa kwa kufundisha watu sheria, akishinda kwa hoja mbele ya baraza lilelile, ameshinda kesi yake na ya somo lake kwa pamoja. Kwa hiyo, akahitimisha, ukombozi unaozungumzwa Kusadikika ni haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kufungwa. Ni dai dogo kuliko lile la swali. Lakini dogo hilo linasimama; lile kubwa lilikuwa likiegemea sifa za mwandishi tu.

Kupunguza dai hadi litoshe ushahidi ulionao: sijui sehemu ya kazi hii iliyo ngumu zaidi kwa mwanafunzi, wala inayonipendeza zaidi kuitazama ikifanyika. Darasani tunazoea kusifu anayekuza mambo. Mhakiki anakata. Katika rasimu ya kwanza ya insha hiyo kulikuwa na sentensi hii: "Karama ni mhusika jasiri anayewakilisha wapigania uhuru." Sentensi hiyo ingeandikwa hata na mtu ambaye hajakifungua kitabu. Pembeni mwalimu wake aliandika neno moja tu: "Wapi?" Rasimu ya pili ikaja hivi: "Karama hamwombi mfalme ashuke kitini, anamwomba asikilize." Maneno yamepungua, jasiri ameondoka, wapigania uhuru wameondoka, na kwa mara ya kwanza unamwona Karama amesimama.

Neno "Wapi?" pembezoni mwa karatasi limefanya kazi kubwa kuliko mihadhara mingi. Linamrudisha mtoto kitabuni.

Wenzetu wa Kenya wana desturi moja ya mtihani ambayo watu huibeza: mwanafunzi anapewa dondoo na kuambiwa aeleze muktadha wake. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kisa ni nini. Wanaobeza wanasema ni kazi ya kukariri. Mimi naiona kuwa ni mafunzo mazuri ya uhakiki, kwa sababu neno lililo kinywani mwa Majivuno si neno la Shaaban Robert, na insha ngapi zimemtia mwandishi hatiani kwa maneno ya mhusika wake! Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Mpaka leo wapo wanaoiandikia kana kwamba kila tendo baya la mhusika ni ushauri wa mwandishi. Nukuu fupi, yenye mwenyewe na mahali pake, ikifuatwa na sentensi mbili tatu za kuipekua, inatosha. Nukuu ya nusu ukurasa aghalabu ni ishara kwamba mwanafunzi amechoka na anamwomba Shaaban Robert amsaidie kujaza karatasi.

Na huyo Kezilahabi, kwa mnaopenda kujua, miaka michache baada ya kutoa riwaya yake ya kwanza alikaa tena kwenye dawati la mwanafunzi. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Mtunzi mwenye jina lake tayari, anapekua kurasa za mtunzi mwingine na kutoa ushahidi wa kila anachodai. Halafu kuna kijana anayeona uhakiki ni kazi ya walioshindwa kutunga.

Katika insha za mijadala ya fikra, ufundi ni uleule, ila kishawishi cha kuchagua timu ni kikubwa zaidi. Ukitoa swali juu ya mgogoro wa ushairi, uliopamba moto baada ya Kichomi, diwani ya huyohuyo Kezilahabi, kutoka mwaka 1974, karibu darasa zima litajipanga: hawa wanamapokeo, wale wa mashairi huru, na kila upande unawaona wengine kama watu wasioelewa. Insha ninayoitafuta ni ya yule anayeweza kueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu angeshikilia vina na mizani, akaeleza vizuri hata mwanamapokeo mwenyewe akubali kuwa ndivyo anavyoamini, ndipo ampinge. Zipo chache.

Miongozo ya mitihani siichukii. Katika shule yenye nakala moja ya riwaya kwa darasa zima, mwongozo ndio unaomfikisha mtoto kwenye chumba cha mtihani. Tatizo lake ni kwamba unakuja na hoja zimeshapikwa, na anayezila hapati nafasi ya kushangazwa na kitabu. Yule wa Kusadikika asingeuliza nani anasema kama angeanza na mwongozo, maana humo kila kitu kinasemwa na mwandishi wa mwongozo.

Kusadikika ni kitabu chembamba, mtu anakimaliza kwa jioni chache. Mwenye mtoto anayesoma fasihi mwaka huu, mnunulie kitabu hicho kwanza, na penseli juu. Mwongozo atauazima kwa mwenzake.